Nani Ametajwa Kwenye Jarida la Kazini?

Ukiajiriwa kwenye ofisi yoyote kubwa Nairobi, hutakosa kulipokea: lile jarida la mwezi linaloingia kwenye barua pepe Ijumaa jioni ukiwa tayari umefunga kompyuta. Juu kabisa kuna picha ya bosi akitabasamu, na chini yake ujumbe wa mkurugenzi. Halafu inafuata orodha: nani amepandishwa cheo, nani anastaafu, nani amejaliwa mtoto, timu ya kandanda ya kampuni ilifungwa ngapi, na ukumbusho kwamba kadi ya kazi ivaliwe shingoni. Watu wengi hulifuta hata kabla hawajalifungua.

Mpe mwanahistoria jarida hilohilo baada ya miaka sabini, uone atakavyolishika kwa mikono miwili. Ndani yake wakubwa wamejichora wenyewe, vile wanavyotaka waonekane. Na mchoro wowote wa familia huwa na jambo moja la kuangaliwa kwa makini: nani amesimama katikati, nani amesukumwa pembeni, na nani hakuitwa kwenye picha.

Hebu twende Hampton, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Virginia, Marekani. Huko, mwaka 1917, serikali ya nchi hiyo ilianzisha kituo cha utafiti wa ndege kinachoitwa Langley. Mwenye kituo alikuwa shirika la serikali lililofahamika kwa herufi zake, NACA, lililoundwa mwaka 1915. Ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, walikuwa wamerusha ndege Marekani tangu 1903, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka ilikuwa wazi kwamba Ulaya imewaacha nyuma. Kazi ya Langley ikawa kuziba pengo hilo. Walijenga mahandaki ya upepo, yaani mapango marefu yenye feni kubwa mno, wakaweka ndani yake vielelezo vya ndege na kupima jinsi hewa inavyopita juu ya bawa. Matokeo waliyagawia jeshi na viwanda vya ndege.

Miaka ya mwanzo Langley ilikuwa kama kijiji. Wahandisi walijuana wote. Wenyeji wa Hampton waliwacheka na kuwaona vichaa fulani wa kisomi, watu wa kujenga jumba zima kwa ajili ya kufugia upepo. Mahali pao pa kupashana habari palikuwa mkahawa wa kazini, ambao meza zake zilikuwa na marumaru nyeupe juu. Mtu akipata wazo katikati ya mlo alitoa penseli na kulichora palepale mezani: mchoro wa bawa, hesabu, mstari wa grafu. Mwenzake alisogeza sahani na kumsahihisha. Mahali kama hapo jarida la nini? Mkubwa wa kituo ukimtaka, unamkuta mezani.

Vita vya Pili vya Dunia vikabadilisha hayo yote. Kituo kilichokuwa na watu mia kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1930 kilipita watu 3,000 kufikia 1945. Kikapanuka hadi eneo jipya lililoitwa Upande wa Magharibi. Sasa mhandisi angeweza kumaliza mwaka bila kumwona Henry Reid, mhandisi aliyekiongoza kituo kuanzia 1926 hadi 1960. Uongozi ukahitaji njia ya kuzungumza na umati. Hapo ndipo jarida la wafanyakazi linapoingia.

Katika miaka ya 1940 jarida hilo lilipewa jina Air Scoop, na jina lenyewe lilikuwa mchezo wa maneno. Kwa watu wa ndege, ni ule mdomo kwenye mwili wa ndege unaovuta hewa ndani kwa ajili ya injini. Kwa watu wa magazeti, neno lake la pili ni habari moto unayoipata kabla ya wenzako. Ndani ulikuta matangazo ya uongozi, teuzi mpya, harusi, michezo, dansi za wafanyakazi. Wakati wa vita ulikuta pia maonyo: funga mdomo, usisimulie mambo ya kazi ukiwa kwenye basi wala mezani nyumbani, kwa sababu adui ana masikio. Sauti yake ilikuwa ya mzazi anayejivunia watoto. Sisi ni familia. Sisi ni timu. Sisi tunashinda vita kwa hesabu zetu.

Neno “sisi” ni dogo sana, lakini swali la kuliuliza ni moja tu: sisi akina nani?

Mwezi Juni 1941, baada ya kiongozi wa wafanyakazi A. Philip Randolph kutishia kuandamanisha maelfu ya Wamarekani Weusi hadi Washington, Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri namba 8802 iliyopiga marufuku ubaguzi katika ajira za viwanda vya ulinzi na za serikali. Vita vilikuwa vimewameza wanaume wengi, na Langley ilikuwa na kiu ya watu wa hesabu. Mwaka 1943 wanawake Weusi wa kwanza wakaanza kuingia kama wakokotozi.

Ukokotozi wakati huo ulikuwa kazi ya mtu, haukuwa wa mashine inayojiendesha. Upepo ulipopita handakini, vyombo vilirekodi mgandamizo na nguvu kwenye mamia ya sehemu za kielelezo. Tarakimu hizo ghafi hazimwambii mhandisi chochote. Lazima mtu aketi, asome kipimo kimoja baada ya kingine, akipitishe kwenye fomula, akijaze kwenye jedwali, achore grafu, kisha akague asiwe amekosea desimali. Wakokotozi wa Langley, Weupe na Weusi, walikuwa wanawake. Ripoti ya ndani ya NACA ya mwaka 1942 ilisema kwamba wahandisi wenyewe walikiri wanawake hao wanafanya hesabu haraka zaidi na kwa usahihi zaidi kuwaliko wao. Na bado waliitwa “wasichana”, hata yule aliyeacha watoto nyumbani.

Dorothy Vaughan alikuwa na watoto wanne alipofika mwishoni mwa 1943. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya Weusi mjini Farmville. Langley ilimpa dola 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya mshahara wa ualimu. Akawekwa kwenye kitengo cha Wakokotozi wa Upande wa Magharibi, kitengo cha wanawake Weusi peke yao, kwa sababu sheria za Virginia zilitaka rangi zitenganishwe. Choo chao kilikuwa cha peke yao. Na katika mkahawa, meza yao ilikuwa na kibao kilichoandikwa kwamba hapa ni mahali pa wakokotozi wa rangi.

Kumbuka zile meza za marumaru, ambapo wazo la yeyote lingeweza kuchorwa kati ya sahani. Miaka michache tu ilikuwa imepita. Taasisi ileile iliyojisifu kwamba kwake hoja ndiyo hushinda, ilikuwa imeweka kibao mezani kuamua nani hataketi karibu na hoja.

Mmoja wa wanawake hao, Miriam Mann, alikiona kibao, akakichukua, akakitia kwenye mkoba wake na kwenda nacho nyumbani. Kibao kingine kikawekwa. Akakichukua nacho. Mumewe akamtahadharisha kwamba atafukuzwa kazi. Akaendelea. Mchezo huo ukaenda hivyo kwa muda, kibao kinatoweka na kibao kinarudi, mpaka siku moja hakikurudi tena.

Kisa hiki hakikutufikia kwa ujumbe wa mkurugenzi. Tunacho kwa sababu mama alimsimulia binti yake, na binti akakitunza kichwani miaka mingi. Hakuna mkubwa aliyetangaza kwamba kibao kimeondolewa, na kwa kweli angetangaza vipi? Angelazimika kwanza kukiri kwamba kilikuwepo. Majarida ya kazini yana adabu ya namna hiyo. Hutaja ushindi bila kutaja ugomvi.

Hata hivyo, usiyatupe. Hebu angalia maisha ya Dorothy Vaughan yalivyoandikwa na uongozi kwa vitangazo vitatu tu.

Cha kwanza ni cha 1949, alipopewa kukaimu ukuu wa kitengo baada ya mkuu wa awali, mwanamke Mweupe, kuwa hawezi kuendelea. Sisi Wakenya neno “kaimu” tunalijua vizuri: mzigo wote wa cheo, bila cheo. Cha pili kilikuja takriban miaka miwili baadaye: ukaimu ukaondolewa, akawa mkuu kamili, msimamizi wa kwanza Mweusi katika NACA nzima. Sentensi moja ya kiofisi. Ukiisoma bila kujua ni nani na ni wapi, utadhani ni jambo la kawaida tu. Kumbe ni mwaka 1951, katika jimbo la Virginia, ambako mwanamke huyohuyo akipanda basi hakuwa huru kuketi anapotaka.

Cha tatu ni cha tarehe 5 Mei 1958. Hapo dunia ilikuwa imegeuka. Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulikuwa umerusha Sputnik, na Marekani ilikuwa inakimbizana kuunda shirika jipya la anga za juu. Waraka wa siku hiyo ulisema kwa ufupi kwamba kuanzia leo kitengo cha Wakokotozi wa Upande wa Magharibi kimevunjwa. Basi. Wanawake waliobaki wakagawanywa katika idara nyingine.

Soma tena. Waraka huo ulimaliza utengano wa rangi ulioendeshwa na serikali ndani ya kituo hicho kwa miaka kumi na mitano. Haukusema samahani, na haukusema asante. Haukutaja hata neno “rangi”. Na kwa pigo hilohilo lililofungua mlango, ulimvua Dorothy Vaughan cheo chake, maana huwezi kuwa mkuu wa kitengo ambacho hakipo. Alijifunza lugha ya programu ya FORTRAN, akawafundisha wenzake, akafanya kazi kwenye kompyuta za umeme mpaka alipostaafu 1971. Cheo cha usimamizi hakukipata tena.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari za uongozi. Huandikwa kana kwamba mambo yanajitokea yenyewe: kitengo “kimevunjwa”, nafasi “imeondolewa”, majukumu “yamehamishwa”. Nani amevunja? Nani ameumia? Ukikulia katika lugha hiyo unaizoea, na siku barua kama hiyo inapokufikia wewe huna hata pa kuishikia.

Miezi mitano baadaye NACA yenyewe ilivunjwa. Jumanne tarehe 30 Septemba 1958, wafanyakazi wake wapatao 8,000 nchini kote walitoka kazini wakiwa watu wa NACA, na Jumatano asubuhi wakaingia kwa milango ileile wakiwa watu wa NASA. Mkurugenzi mpya, T. Keith Glennan, alikuwa na kazi ya kuwatuliza wakongwe kwamba nyumba ni ileile, jina tu ndilo limebadilika. Wakongwe hao walikuwa wamezoea kulitamka jina la zamani herufi moja moja. Kuliita shirika jipya kama neno moja, “Nasa”, ilikuwa kama kuitwa jina la baba wa kambo. Baadaye, miaka ya 1960, hata Air Scoop ikabadilishwa jina.

Katika nyumba hiyo, mahali penye kumbukumbu ya kudumu zaidi palikuwa jalada la ripoti ya utafiti, si jarida. Jina lako likiwa pale, hakuna waraka unaoweza kulivunja. Wahandisi walilijua hilo. Wakokotozi walifanya hesabu zilizojaza ripoti hizo, lakini kwa kawaida majina yao hayakuandikwa.

Katherine Johnson aliingia Langley 1953. Baada ya majuma mawili hivi alitumwa kusaidia idara ya utafiti wa urukaji, na hakurudi tena Upande wa Magharibi. Aliomba kuingia kwenye mikutano ya wahandisi. Akaambiwa wanawake hawaendi. Akauliza, kwani kuna sheria inayokataza? Haikuwepo. Mwaka 1960 ikatoka ripoti kuhusu jinsi ya kukokotoa mwelekeo wa chombo ili kipite juu ya mahali fulani duniani. Kwenye jalada palikuwa na majina mawili: la mhandisi Ted Skopinski, na la kwake. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke katika idara hiyo kuandikwa kama mtunzi wa ripoti. Mary Jackson, aliyeanza 1951 katika kitengo cha Vaughan, alilazimika kuomba ruhusa ya mji wa Hampton ili asome masomo ya jioni katika shule ya Weupe. Mwaka 1958 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa mhandisi NASA, na mwaka huohuo jina lake likaonekana kwenye ripoti kuhusu hewa inavyopita juu ya pia zinazokwenda kasi kuliko sauti.

Ukidhani hii ni hadithi ya mbali, angalia pwani yetu. Langley ndiyo iliyosimamia kwa miaka mingi mradi wa Scout, roketi ndogo ya hatua nne iliyotumia mafuta magumu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, Scout moja ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini kwenye Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Msimamizi wake, Marjorie Townsend wa NASA, alipendekeza iitwe Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo. Setilaiti hiyo ilitoa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, ikasaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Kiongozi wa utafiti, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Neno la Kiswahili limo ndani ya vitabu vya unajimu milele, na ni heshima kubwa. Lakini jiulize lile swali letu. Nani aliendesha mashua kupeleka watu na vyakula jukwaani? Nani alipika, nani alilinda usiku, nani alibeba? Kama pale Ngomeni kuna mzee anayekumbuka, yeye ndiye binti wa Miriam Mann wa kwetu, na ni vizuri mtu akaenda kumuuliza mapema.

Maana hivyo ndivyo wanawake wa Langley walivyorudishwa kwenye picha. Margot Lee Shetterly alikulia Hampton, baba yake akiwa mwanasayansi wa kituo hicho. Aliwajua wanawake hao kama majirani na watu wa kanisani. Alipoanza kuandika kitabu chake kilichotoka 2016, kile kilichozaa filamu ya Hidden Figures, aliwahoji wazee, akafukua nyaraka, orodha za wafanyakazi na yale majarida ya kazini yaliyokuwa hayasomwi na mtu. Tangazo la mstari mmoja, likiwekwa kando ya kumbukumbu ya mtu mmoja, likaanza kuzungumza. Vile vitangazo vitatu vya Dorothy Vaughan vikawa wasifu.

Mwezi Juni 2020 uongozi wa NASA ulitangaza kwamba makao yake makuu mjini Washington yatapewa jina la Mary W. Jackson. Lilikuwa tangazo la uongozi kama mengine, lenye picha na maneno mazuri. Mwenyewe alikuwa amefariki 2005. Vaughan alifariki 2008. Katherine Johnson aliwahi kuona mengi: nishani ya rais mwaka 2015, jengo lenye jina lake Langley mwaka 2017. Alifariki Februari 2020 akiwa na umri wa miaka 101, miezi minne kabla ya jina la mwenzake kutangazwa.

Kwa hiyo mwezi ukiisha na lile jarida likiingia, lifungue japo mara moja. Pita ujumbe wa bosi, teremka mpaka kwenye majina. Ona mradi gani umesifiwa na nani aliyeufanya hakutajwa. Ona ni nani amekuwa “kaimu” mwaka wa pili sasa. Halafu lihifadhi mahali, pamoja na majina uliyoyajazia wewe mwenyewe. Na ripoti yako ikienda kwa wakubwa, hakikisha jina lako limo kwenye ukurasa wa kwanza. Ukiambiwa si kawaida, uliza kama kuna sheria inayokataza.